Je, Wajua? Hodi Isiyo na Mgeni

Mwisho wa Juni saiba za Kinondo hazilali. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi, na kila mwenye PIN anataka risiti yake kabla ya saa sita usiku. Jioni moja ya msimu huo, katika chumba cha bati kando ya barabara iendayo Galu, kompyuta ya pili kutoka mlangoni ilipoteza picha ghafla. Kioo kikawa cheusi, zikatokea herufi nyeupe za Kiingereza: mashine imepata katizo la kifaa lisilotarajiwa, nayo imesimama. Mwenye saiba akaizima, akaiwasha. Ikapiga mlio wake, ikafika palepale, ikagoma.

Mama aliyekuwa kwenye kiti, kitambulisho mkononi, akanigeukia. "Fundi, imekufa hii?"

"Haijafa, mama. Kuna kitu kinaipigia hodi, ikiitika haioni mtu."

Kwa ajili ya mama huyo, na kwa kila aliyewahi kuambiwa "bodi imeungua, nunua nyingine" bila hata kifuniko kufunguliwa, safu ya leo ni ya hodi hizo.

Je, wajua kwamba prosesa haikai kuikodolea macho kibodi ikingoja uandike? Ina shughuli zake. Vifaa ndivyo vinavyoijia na kubisha: diski iliyomaliza kusoma, kadi ya mtandao iliyopokea ujumbe, kibodi za zamani zenye plagi ya duara kila unapobonyeza herufi. Ikisikia hodi, prosesa huweka alama mahali ilipofika, humhudumia aliyebisha, kisha hurudi kwenye mstari uleule ilioachia. Yote hayo huisha kabla hujainua kidole. Hodi hiyo ndiyo katizo. Hata saa iliyomo ndani ya mashine hubisha: kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilibisha mara 18.2 kwa sekunde, na kwenye Windows ya leo, mpangilio wa kawaida ukiachwa ulivyo, ni mara 64.

Wajua hodi hizi ni za zamani kiasi gani? Mashine ya DYSEAC, iliyojengwa Marekani na kumalizika mwaka 1954, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuruhusu kifaa cha nje kukatiza hesabu zinazoendelea. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Amsterdam kwa tasnifu iliyohusu kompyuta ya X1 na jinsi ya kuiandikia programu inayoweza kukatizwa wakati wowote bila kupotea njia. Ugumu aliopambana nao ndio unaotutoa jasho mafundi mpaka leo. Mgeni asiye na saa maalumu huleta kosa lisilo na saa maalumu. Mteja atakuletea mashine iliyogoma mara tano nyumbani, na mbele yako ikafanya kazi mchana kutwa bila doa. Usimwambie anaota.

Je, wajua kwamba kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na milango 8 tu ya kupigia hodi? Mwaka 1984 ukaja muundo wa AT wenye milango 16, ila mmoja ulitumika kuunganisha ile 8 ya kwanza na 8 ya pili, zikabaki laini 15 za kutumia. Laini 0 ya saa, 1 ya kibodi, 6 ya diski laini, 7 ya printa. Kadi za sauti zilipoingia madukani zikang'ang'ania laini ya 5 au ya 7, na kwenye kompyuta nyingi za ofisi muziki na uchapishaji havikukaa pamoja. Fundi wa enzi hizo alibeba bisibisi na koleo ndogo ya kuhamishia vijipini vya kadi, laini kwa laini.

Na hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Wajua kwamba kuna chipu iliyofunzwa kutaja namba 7 kila inapokosa la kusema?

Chipu hiyo, 8259, ndiye bawabu wa kompyuta hizo. Kifaa kikibisha, bawabu humgutua prosesa. Prosesa hujibu mara mbili. Jibu la kwanza ni kama "Naam": hapo bawabu hutazama waliobisha ni nani na nani ana haki ya kutangulia. Jibu la pili ni kama "Nani?": hapo bawabu hutoa namba ya mgeni. Sasa chukulia aliyebisha ameshaondoka kabla ya ile "Naam". Bwana wa nyumba ameitwa, kazi ameiacha, na mlangoni pako patupu. Bawabu hawezi kunyamaza, kwa sababu prosesa inangoja namba. Waliomuunda wakaamua kwamba akikosa mtu ataje 7.

Kwa hiyo printa, mwenye laini ya 7, amebebeshwa lawama za wengi. Mara nyingi aliyebisha hakuwa kifaa chochote. Ulikuwa mshtuko wa umeme kwenye waya, kitu cha kufumba na kufumbua, kutokana na kadi iliyolegea, pawa saplai iliyochoka au kebo iliyolala juu ya mota ya feni. Programu iliyoandikwa vizuri humuuliza bawabu mara ya pili, ikajua ni hodi ya uongo, ikaendelea na safari. Iliyoandikwa vibaya husimama na kutoa ile ilani.

Je, wajua kwamba namba ikitokea kwenye ilani inaweza kuwa na maana mbili? Orodha ya makatizo ya prosesa za ukoo wa Intel ina nafasi 256. Nafasi 32 za mwanzo, kuanzia 0 hadi 31, Intel walizitenga kwa makosa ya prosesa yenyewe. IBM mwaka 1981 wakaziweka laini zao 8 za vifaa kwenye nafasi ya 8 hadi ya 15, ndani ya eneo lililotengwa. Matokeo yake, ukiona 08 yaweza kuwa saa ya mashine, na yaweza kuwa kosa lililozuka wakati prosesa inahangaikia kosa jingine. Ukiona 0D, yaani 13, yaweza kuwa kadi ya sauti kwenye laini ya 5, na yaweza kuwa programu iliyogusa pasipo pake. Ndiyo maana namba hiyo haitoshi kumhukumu mtu. Inakupa majina mawili ya kuanzia uchunguzi, na hilo si haba. Iandike kwenye karatasi au ipige picha na simu kabla hujazima.

Kuna hodi moja isiyokataliwa. Prosesa ikiwa kwenye kazi nyeti inaweza kuziba masikio kwa muda mfupi, hodi zote zikasubiri. Moja haizibiwi: ile inayotoka kwa vifaa vyenyewe kusema kumbukumbu imeharibika au umeme wa ndani una kasoro. Ikibisha hiyo wakati kompyuta inajikagua inapoamka, ndipo huja ile ilani ya katizo lisilotarajiwa, na mtu wa kwanza kushukiwa ni RAM. Itoe, isafishe, irudishe mpaka isikike ikiuma pande zote mbili. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Kisha iachie programu ya Memtest usiku kucha. Kupimwa dakika 5 hakutoshi kitu.

Turudi kwenye saiba. Tulipoondoa kifuniko cha pembeni nilitafuta kadi kabla ya kutafuta kitu kingine chochote, na sababu yake ni hii.

Je, wajua kwamba kadi za PCI, zilizoanza mwaka 1992, hubisha kwa kushusha waya na si kwa kuupandisha? Waya wa hodi hushikiliwa juu na kikinzani kidogo, umeme ukiwa umetulia. Kadi inayotaka kuhudumiwa huuvuta waya huo chini na kuushikilia hukohuko hadi ihudumiwe. Tena waya mmoja hutumiwa na kadi kadhaa. Ukishuka, mfumo huzunguka kuuliza: ni wewe? Si mimi. Ni wewe? Si mimi. Sasa fikiria kitu chochote kinachopitisha umeme kidogo tu kutoka kwenye waya ule kwenda kwenye chuma cha kasha. Utelezi wa chumvi iliyolowa watosha. Waya unashuka, kila kadi inakana, na waya haupandi.

Hapo ndipo pwani inapotofautiana na Nairobi.

Je, wajua kwamba vumbi la bahari karibu halikauki? Msimu wa kusi mawimbi huvunjika mwambani na upepo huleta ufukweni matone madogo yasiyoonekana. Maji yake mengi hukauka njiani, chumvi hubaki ikisafiri, huingia dirishani, na feni ya kompyuta huivuta ndani. Chumvi ya kawaida hujilowesha yenyewe hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Kila jiko la Kinondo lina ushahidi: kidau cha chumvi kilichokuwa kikavu Februari, Juni kimekuwa tope. Lakini bahari ina chumvi nyingine pia, kloridi ya magnesi, na hiyo hunyonya unyevu tangu asilimia 33 hivi. Hewa yetu haishuki hapo hata kiangazi. Ndiyo maana bati la nyumba ya ufukweni hutoboka wakati la ndugu yako wa Kinango bado linang'aa, na ndiyo maana kitambaa ulichofutia kompyuta leo kitakuta unyevunyevu uleule wiki ijayo.

Kadi ya mtandao ya ile mashine, iliyoongezwa na mtu miaka mingi nyuma, ilikuwa imekaa upande, skrubu yake haipo. Niliichomoa nikaipeleka chini ya taa. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia kama sarafu iliyokaa mfukoni mwa mvuvi. Katika meno mawili yaliyokaribiana, dhahabu ilikuwa imetoboka na shaba ya chini imetoa doa la kijani lenye ukubwa wa mbegu ya ufuta. Kati ya madoa hayo mawili palikuwa na utando mweupe. Niliugusa kwa ncha ya kijiti cha pamba. Ulikuwa umelowa.

Tukaiwasha mashine bila kadi. Ikapita pale ilipokuwa ikigomea, ikafika kwenye madirisha ya Windows. Mtandao tukautoa kwenye soketi ya bodi mama yenyewe, ambayo haikuwa imewahi kutumiwa, na mama akapata risiti yake saa tatu kasorobo usiku.

Wajua raba ya penseli inaweza kuokoa kadi, na inaweza kuiua? Kila fundi hapa huifahamu: unasugua meno, weusi unatoka. Lakini dhahabu ya meno hayo ni nyembamba mno. Kwa kadi zilizotengenezwa vizuri haifiki hata elfu moja ya milimita. Ukisugua kila mwezi utaimaliza mwenyewe, na chini yake kuna nikeli na shaba zinazoitamani chumvi. Anza na spiriti ya kusafishia na pamba isiyoacha nyuzi. Raba iwe ya mwisho, laini, mara moja, kwa kufuata urefu wa meno, na vumbi lake lifutwe lote. Msasa usiukaribishe hata mezani.

Wajua msitu wa Kaya Kinondo unazilinda kompyuta zilizo nyuma yake? Msitu huo mtakatifu wa Wadigo, wa hekta 30 hivi juu ya miamba ya matumbawe, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mgeni huingia akiwa amefunga kitambaa cheusi, na hatoki na kitu hata jani. Kitu kimoja msitu hukibakiza bila kuambiwa: matone ya bahari. Chumvi ya hewani hupungua sana katika mita mia kadhaa za kwanza kutoka mawimbi yanapovunjika, na majani huikamata inapopita. Nyumba iliyo wazi mbele ya bahari na nyumba iliyo kisogoni mwa miti mikubwa hazili chumvi sawa. Anayekata mikoko na mivule kupata mandhari ya bahari anakata pia pazia la bati lake, la friji yake na la kompyuta yake.

Je, wajua mfumo wa Linux huwa na subira ya kiasi gani kwa hodi zisizo na mwenyewe? Ikipokea hodi 100,000 kwenye laini moja, na zaidi ya 99,900 kati yake hazina mwenyewe, huifunga laini hiyo na kuandika kwamba hakuna aliyejali. Ni maneno yake hasa, si yangu. Kuanzia hapo kifaa halali kilichokuwa kikitumia laini hiyo huduwaa nacho. Wakati mwingine ndiyo maana kipanya chako kimekuwa kizito ghafla na wewe unalaumu kipanya.

Windows hupiga kelele zaidi. Skrini ya bluu yenye msimbo 0x000000F2 maana yake ni dhoruba ya makatizo: kifaa kimoja kinabisha bila kukoma hadi mfumo ukashindwa kufanya jingine.

Huhitaji kungoja dhoruba. Fungua orodha ya kazi kwenye Windows, tafuta mstari wa makatizo ya mfumo. Mashine ikiwa imetulia, mstari huo huwa chini ya asilimia moja au mbili. Ukiuona umekaa kwenye kumi au ishirini nawe hufanyi kitu, chomoa kifaa kimoja baada ya kingine huku ukiutazama. Ukishuka mara tu unapochomoa kamera au modemu, umempata. Kwenye Linux, faili la /proc/interrupts hukuonyesha kila laini na hesabu yake; lisome, ngoja sekunde 10, lisome tena, utaona nani anabisha kupita wenzake.

Je, wajua vifaa vya USB havipigi hodi hata kidogo? Kibodi yako ya USB hukaa kimya mpaka iulizwe. Kidhibiti cha USB ndicho kinachoizungukia, kwa kibodi za kawaida kila baada ya milisekunde 8 hivi: una neno? Sina. Una neno? Nina herufi A. Ni kidhibiti hicho kinachoibishia prosesa. Kwa hiyo ukiambiwa laini ya USB ina fujo, usihangaike na kifaa kimoja tu. Aliyeharibika aweza kuwa yeyote aliyechomekwa hapo, hata kebo ya kuchajia simu iliyokatika ndani.

Na kompyuta mpya? Kadi za PCI Express, zilizoanza mwaka 2003, huacha ujumbe kwenye anwani maalumu badala ya kuvuta waya. Barua haitokei yenyewe kwa sababu ya unyevu. Ndiyo sababu mashine mpya hazina mashetani mengi ya aina hii, ingawa ujumbe nao waweza kuharibika njiani kadi ikiwa imelegea.

Stima. Hapa nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu kusini yote, toka Ukunda hadi Lunga Lunga, stima ndiyo inayoua mashine nyingi.

Je, wajua kwamba kompyuta isiyo na waya wa ardhini huwa na volti 120 hivi kwenye kasha lake? Umewahi kuligusa kasha kwa mgongo wa mkono, ukasikia kama mchwa wanatembea? Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuzuia kelele, moja kutoka kwenye waya wa moto na moja kutoka kwenye waya baridi, zote zikikutana kwenye chuma cha kasha. Kazi yao ni kuzipeleka kelele ardhini. Ardhi ikikosekana, kasha hukaa katikati ya volti 240 na sufuri. Mkondo wake ni mdogo, ila unatafuta njia, na njia iliyo karibu ni kebo ya printa au ya kioo. Kelele hizo zikipita kwenye waya wa ishara, bawabu anasikia hodi. Ekstensheni yenye matundu mawili, au yenye matundu matatu lakini waya wa tatu umekatwa ndani, ndiyo chanzo cha mengi. Ifungue uone. Mtoto asiachwe aiguse kompyuta kwa kisingizio kwamba "inauma kidogo" tu. Fundi wa umeme aitwe aweke ardhi.

Wajua pawa saplai nayo hutoa neno la ahadi? Ikiwaka, husubiri kati ya milisekunde 100 na 500 volti zake zitulie, ndipo huiambia bodi mama kwamba mambo tayari. Volti ya 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Stima inapoyumba, taa zikififia na kurudi bila kuzimika, saplai iliyochoka hushuka chini ya mipaka hiyo kwa muda mfupi sana, bila kuvunja ahadi yake. Kompyuta haizimi. Inaendelea kukimbia ikiwa imechanganyikiwa, na hapo hodi za uongo huzaliwa. Multimita ya bei nafuu itakuonyesha hali ya kawaida. Ule mshtuko wenyewe haitauona. Dawa ni kuijaribu mashine na saplai nyingine unayoiamini. Na UPS yenye betri hai si anasa.

Kapasita zilizovimba zinaonekana kwa macho. Vichwa vyao vina alama ya msalaba iliyochongwa ili zipasuke kwa adabu. Kichwa kikiwa bapa, nzuri. Kikiinuka kama mandazi, mbovu. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikumbwa na kapasita zenye maji mabaya ndani, na nyingi za mashine hizo zilimalizia maisha yao huku kwetu, zikiwa mitumba ya shule na ofisi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Chumba cha bati cha Msambweni saa nane mchana kinajieleza chenyewe.

Wajua kaunti yetu ya Kwale yenyewe ina mizizi ya vitu hivi? Mchanga mzito uliochimbwa Maumba na Nguluku, na kusafirishwa nje tangu Februari 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, ulikuwa na madini ya titani. Mengi ya dunia huishia kwenye rangi nyeupe, lakini kapasita ndogo za kauri, zile punje za kahawia zilizotapakaa kwenye kila bodi mama, hutengenezwa kwa titanati ya bari. Na Mlima Mrima una niobi na madini adimu, jamii moja na neodimi iliyomo kwenye sumaku za diski.

Sisimizi hupenda kompyuta. Pana joto, giza na usalama, na mayai yao hukaa kavu kuliko chini ya jiwe. Nimewakuta ndani ya soketi ya kibodi wamejipanga kama mchele, na mashine ikitoa herufi ambazo hakuna aliyezibonyeza. Mjusi hupenda pawa saplai kwa sababu hiyohiyo, na yeye akigusa sehemu mbili kwa wakati mmoja huondoka na fyuzi. Ziba kila tundu la kadi lililo wazi nyuma ya kasha kwa kibati chake. Kibati hicho kikipotea, hata kipande cha wavu wa mbu kilichobanwa vizuri kinatosha. Usipulizie dawa ya wadudu ndani: mafuta yake hubaki, yakakamata chumvi.

Je, wajua kwamba fujo ya aina hii iliwahi kufika hata mwezini? Tarehe 20 Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 wakiteremka mwezini, kompyuta yao ilitoa onyo namba 1202. Rada isiyohitajika wakati ule ilikuwa imewashwa, mapigo ya umeme wake hayakwenda sambamba na ya umeme wa mfumo wa kompyuta, ikaimwagia kompyuta maelfu ya ishara zisizo na maana kila sekunde. Hazikuwa makatizo kamili, ni binamu zake: kila moja iliiba punje ya muda. Mashine ikaelemewa. Lakini walioiandikia programu walikuwa wamewaza siku kama hiyo, na kila ilipojaa ilitupa kazi ndogo na kushika ile kubwa. Wakatua salama.

Niulizwe basi, ilani ya katizo ikitokea nianzie wapi? Uliza kwanza nini kimebadilika: kadi mpya, RAM mpya, draiva iliyowekwa jana. Kirudishe kilivyokuwa. Kama hakuna, zima, chomoa kwenye ukuta, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha toa kila kadi isiyo ya lazima. Bakisha prosesa, RAM moja, kioo na kibodi. Ikiwaka, rudisha kimoja, washa, kingine, washa. Ni kazi ya polepole na haina njia ya mkato. Wanaokimbilia kufomati hunihuzunisha sana: mteja hulipa, picha za harusi na kazi za shule hufutika, na chumvi imekaa palepale kwenye meno ya kadi.

La mwisho ni la walimu wa maabara za kompyuta. Je, wajua kwamba kompyuta iliyozimwa huliwa na chumvi haraka kuliko inayotumika? Hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 85, ikipashwa hadi nyuzi 35 ndani ya kasha linalofanya kazi, unyevu wake hushuka hadi asilimia 48 hivi. Chumvi ya kawaida hukauka, ikaacha kupitisha umeme. Mashine iliyofunikwa kwa plastiki tangu shule ifungwe Agosti hukaa likizo nzima na umande wake. Ndiyo maana ilani za katizo hujaa siku ya kwanza ya muhula. Toa plastiki, weka kitambaa cha pamba. Na ufunguo wa maabara uachwe kwa mtu anayekaa karibu, aje mara moja kwa wiki, afungue madirisha upande usio wa bahari, aziwashe zote saa nzima, ahesabu ngapi zimeamka na kuandika kwenye daftari ukutani.